Mabinti wa Mpira na Mwenye Kamera Aliyerudi

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kunisoma yanipasa nikiri jambo moja. Mimi ndiye niliyekwenda kumsemea dada yangu kwa baba.

Ilikuwa hapa hapa Kiwengwa, alasiri, maji yamekupwa. Wenye kuijua pwani yetu ya mashariki wanaelewa kwamba saa hizo ufukwe wote huwa kiwanja: mchanga uliolowa unakaza kama sakafu, mpira unadunda sawasawa, na magoli ni ndara mbili huku na ndara mbili kule. Siku hiyo upande wa pili ulipungukiwa na mtu mmoja. Dada yangu alikuwa anapita na ndoo kichwani, anatoka kuokota kombe. Akaitwa kwa mzaha tu. Akaitua ndoo, akakaza ushungi wake, akaingia. Yeye alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi kumi na mmoja. Mpira wake wa pili alinipiga tobo. Unajua tobo, bwana: mpira umepita katikati ya miguu yangu, mimi nimebaki nimekodoa macho, na vijana wote wa maskani wanaangua kicheko. Sikungoja mchezo uishe. Nilikwenda mbio hadi nyumbani nikamwambia baba kuwa mwanawe yuko pwani anacheza na wanaume, gauni juu. Gauni halikuwa juu. Hilo la gauni nililitia mwenyewe.

Dada hakucheza tena.

Nimeanza na kisa hicho kwa kuwa makala hii inahusu filamu ya wanawake wa Unguja wanaocheza mpira, pamoja na watu walioitengeneza, na sipendi nionekane nawahukumu wengine hali mimi nimekaa kando na mikono safi. Filamu yenyewe inaitwa Zanzibar Soccer Queens, yaani Malkia wa Soka wa Zanzibar, na ilitoka mwaka 2007. Mimi niliiona kwa kuchelewa mno. Nilikuwa Mjini kwa jamaa yangu, tumekaa watu wanne juu ya mkeka mbele ya kompyuta moja, sauti ndogo maana jirani ana mgonjwa. Wenzangu walicheka pale pa kucheka. Mimi nilikuwa namtafuta dada yangu katika kila msichana anayekimbia.

Timu inayoonyeshwa humo ni Women Fighters. Historia yake inaanzia mwaka 1988, na inaanza kwa namna ambayo mtunzi wa riwaya angeona haya kuibuni. Ilikuja Zanzibar timu ya wanawake kutoka Sweden, ikitaka kucheza na wanawake wenzao. Wanawake wenzao walikuwa wapi? Timu haikuwepo. Ikabidi watafutwe wasichana waliozoea michezo mingine, mpira wa pete, mpira wa mikono, mbio, wakusanywe wafundishwe kupiga mpira kwa mguu. Wageni walikuja, walicheza, waliondoka. Wasichana wa Unguja wakakataa kuondoka kiwanjani. Mmoja wao, Nassra Juma Mohammed, ndiye aliyekuja kuwa nguzo ya timu, kwanza mchezaji, kisha kocha, na ndiye utakayemwona katika filamu akiwapanga wenzake.

Hapo nataka nisimame kidogo, kwa sababu watu wa barza wakisikia habari ya Sweden husema, "Si unaona? Mambo ya kuletewa." Haya, tuseme ni ya kuletewa. Mpira wa wanaume umeota Unguja kama mkarafuu? Huo nao uliletwa na Waingereza katika karne ya 19, na wanafunzi wa misheni ya Kiungani walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuucheza. Baadaye ukaenea Ng'ambo na kujaza Mnazi Mmoja kila jioni, mpaka leo mtu anaona ameuzaliwa nao. Hakuna aliyemwambia babu yangu avue jezi kwa kuwa ni vazi la kigeni.

Tena hao Waingereza walioleta mpira waliwanyima wanawake wao wenyewe. Siku moja baada ya Krismasi ya mwaka 1920, timu ya wafanyakazi wa kike wa kiwandani, Dick, Kerr Ladies, ilicheza kwenye uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Mwaka haukuisha vizuri. Tarehe 5 Disemba 1921, Chama cha Mpira cha England kikapiga marufuku wanawake kutumia viwanja vya vilabu vyake, kwa hoja kwamba mchezo huo hauwafai. Marufuku hayo yalikaa nusu karne, hadi 1971. Ujerumani Magharibi nako walizuiwa kuanzia 1955 hadi 1970. Brazil, nchi ya Pelé, ilizuia kwa sheria mwaka 1941 na haikufungua mlango mpaka 1979. Kule walisema ni tabibu kakataza, mwili wa mwanamke utaharibika. Kwetu tukasema ni dini na mila. Sababu zilitofautiana, lakini msichana alibaki nje ya mstari kote kote. Ndiyo maana Wasweden nao sioni kama walikuja kutufundisha ustaarabu. Timu yao ya taifa ya wanawake ilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano tu wakati ule, na ubingwa wa Ulaya waliuchukua mwaka 1984 kwa mikwaju ya penalti dhidi ya England. Nao walikuwa wanatafuta wa kucheza naye.

Women Fighters walimkosa khasa huyo wa kucheza naye. Timu nyengine za wanawake zilikuwa chache mno, basi mara nyingi walijipima na wavulana. Fikiria, msomaji. Binti ameomba ruhusa kwa mama, mama kamwomba baba, baba kanyamaza (na kunyamaza kwa baba kuna maana mbili), amejifunga buibui kutoka nyumbani hadi kiwanjani, amelivua akabaki na bukta na soksi, kisha anacheza na wavulana ambao kesho watampitia barabarani wakimzomea. Akimaliza analivaa tena buibui lake anarudi kupika. Aliyeolewa ndiyo khatari zaidi, maana ruhusa sasa iko kwa mume, na mume ana mama yake, ana rafiki zake wa kahawa.

Mambo haya yalidumu karibu miaka ishirini bila ya mtu kuyaandika kwa urefu. Kisha akaja mwanamke mmoja kutoka Cameroon.

Jina lake ni Florence Ayisi. Ni mtu wa Kumba, mji wa kusini-magharibi mwa Cameroon, aliyehamia Uingereza na kuwa mwalimu wa filamu chuo kikuu huko Wales. Kabla ya kufika kwetu alikuwa ameshatengeneza filamu iliyomtangaza, Sisters in Law ya mwaka 2005, kwa kushirikiana na Kim Longinotto wa Uingereza. Hiyo waliipigia Kumba kwao, mahakamani. Inawafuata mwendesha mashitaka Vera Ngassa na hakimu Beatrice Ntuba, wanawake wawili wasiopepesa macho, wakisikiliza kesi za wanawake waliopigwa, msichana aliyenajisiwa, mtoto aliyeteswa na shangazi yake. Katika kesi moja mke wa Kiislamu anataka kuachwa na mume anayempiga, na anaachwa. Filamu hiyo ilipata tuzo katika tamasha la Cannes mwaka huo huo. Longinotto naye alikuwa ameshapita kwa jirani zetu wa Kenya, ambako mwaka 2002 alitoa filamu ya The Day I Will Never Forget, inayohusu ukeketaji, na ndani yake wamo wasichana waliokwenda mahakamani kuwazuia wazazi wao wasiwatahiri.

Sasa mtu aliyetoka kwenye mahakama ya namna hiyo angeweza kuja Zanzibar kutafuta kilio. Kilio kipo, hakina bei. Angemkuta mwanamke aliyepigwa, akamkalisha mbele ya ukuta mweupe, akamwuliza unajisikiaje, machozi yakatoka, filamu ikaisha, watu wa Ulaya wakatoa pesa. Ayisi akaenda kiwanjani. Nimekaa sana nikifikiri juu ya uamuzi huo, kwa sababu nami nataka kuandika riwaya, na ninapojaribu kuandika habari ya mwanamke wa kwetu kalamu yangu inakwenda yenyewe kwenye machozi. Rasimu zangu tatu zote zina mwanamke anayelia jikoni. Yeye aliwaonyesha wanawake wanaokimbia, wanaotukanana kwa kukosa pasi, wanaocheka mpaka wanajishika mbavu. Wanaowapinga nao wamepewa nafasi ya kusema, wala hawakufanywa vikatuni. Wanaume wanasema kwa utulivu kabisa kwa nini hawapendi, wanataja dini, wanataja heshima, na ukiwasikiliza utamtambua ami yako. Mimi nilijitambua mwenyewe.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba Mwafrika akishika kamera basi mambo yote yamekaa sawa. Cameroon ni mbali na Unguja kuliko tunavyodhani, na mgeni ni mgeni. Ninachosema ni kwamba sisi watu wa Kiwengwa tuna uzoefu na kamera ambao labda wengine hawana. Mahoteli makubwa yalianza kutujia miaka ya 1990, mengi ya Wataliana, na watoto wa hapa husema ciao kabla hawajajua kusema shikamoo. Kila siku anapita mtu na kamera. Mama zetu wamepigwa picha wameinama majini, wamebeba kuni, wametoka kuvua pweza, na mara nyingi hawakuulizwa. Bibi mmoja wa mtaani kwetu husema, "Sura yangu imeenea Ulaya nzima, na mie mwenyewe Tanga sijafika." Watu hucheka akisema hivyo. Yeye hacheki.

Bibi huyo ndiye aliyenipa kipimo ninachotumia kumpimia kila anayetengeneza filamu za kuwasaidia wanawake wa Afrika, na zipo nyingi. Siangalii ametoka nchi gani. Naangalia kama alirudi.

Ayisi alirudi. Mwaka 2016 ikatoka filamu ya pili, Zanzibar Soccer Dreams, safari hii akiwa na mwenzake Catalin Brylla. Walirudi kwa Nassra na kwa wachezaji wale wale kuona miaka imewafanya nini, nani bado yumo, nani ameacha, na suala la kuufikisha mpira wa wasichana maskulini limefika wapi. Katikati ya filamu hizo mbili Megan Shutzer, Mmarekani, naye alitengeneza ya kwake, New Generation Queens, juu ya wanawake hao hao wa mpira wa Unguja. Filamu tatu kwa kisiwa kidogo namna hii si haba. Lakini mimi naipa uzito ile ya kurudi. Mtu anayerudi hukutana na lawama. Atakuta aliyesema neno mbele ya kamera ambalo mumewe hakulipenda. Atakuta binti aliyemwonyesha shujaa ana watoto watatu na magoti mabovu. Hayo yote hana budi kuyatazama usoni, na mtu wa picha ya ufukweni hana hayo.

Lawama yangu mimi ni moja. Filamu hizi zimezunguka sana kwenye matamasha na vyuo vya ng'ambo kabla hazijafika kwa mtoto wa shamba. Na Unguja si kisiwa kisichojua filamu! Mjini palikuwa na majumba kama Majestic, Cine Afrique na Sultana, na yalikuwepo maonyesho ya zanana, ya wanawake peke yao, ambapo bibi zetu walijazana kutazama picha za Kihindi bila ya mwanamume kutia mguu. Tangu mwaka 1997 tunalo tamasha la kimataifa la filamu, ZIFF, Ngome Kongwe inajaa. Filamu ya wanawake wa mpira ilistahili zanana yake katika kila kijiji.

Wakati huo huo wakubwa wa mpira duniani nao walikuwa wanafunga mlango kwa upande wao. Mwezi Juni 2011 wasichana wa Iran walizuiwa kucheza na Jordan mjini Amman, katika mechi ya kutafuta kwenda Olimpiki, kwa sababu ya vazi la kichwani. FIFA ilisema ni usalama, linaweza kumkaba mchezaji shingo. Basi tazama hali ya mchezaji wa Unguja katika miaka ile. Kijijini anaambiwa hajajifunika vya kutosha, na FIFA inasema amejifunika kupita kiasi. Majaribio ya kuliruhusu yalianza 2012, na ruhusa kamili ikatoka Machi 2014. Sikumbuki kusikia hata barza moja ya hapa ikiizungumza habari hiyo, na sisi tunaosema mpira kuanzia Isha mpaka usiku wa manane.

Septemba 2016, mwaka ule ule wa filamu ya kurudi, Zanzibar ilipeleka timu ya wanawake Jinja, Uganda, kwenye mashindano ya CECAFA. Walipoteza mechi zote tatu, tena kwa magoli mengi. Hapa maskani watu walicheka sana, na nilikuwa miongoni mwao. Ubingwa ulichukuliwa na wenzetu wa Bara, Kilimanjaro Queens, walioifunga Kenya 2 kwa 1. Sasa najua hesabu ambayo siku ile sikuijua. Mchezaji wa Kenya au wa Bara ametoka kwenye nchi ambayo angalau mabinti wengine wanacheza. Wa kwetu ametoka mahali ambapo kila aliyejaribu kuanza akiwa na miaka kumi na mitatu, kuna mdogo wake aliyekwenda mbio kumsemea.

Mwaka uliofuata, Machi 2017, Shirikisho la Mpira la Afrika liliipa Zanzibar uanachama kamili, tukapiga hoihoi, na Julai likaufuta. Miezi minne. Wanaume walilalamika kwamba dunia haitaki kututambua kuwa ni timu. Nassra na wenzake wangeweza kutabasamu kidogo.

Kuna jambo moja kuhusu kumbukumbu linalonisumbua. Siti binti Saad tunamkumbuka kwa sababu sauti yake ilitiwa kwenye sahani za santuri, Bombay, kuanzia mwaka 1928. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, vijana wa leo wanamwona akitembea na kuvuta sigara yake kwa sababu Andy Jones alimtengenezea filamu mwaka 2006, As Old as My Tongue. Lakini waimbaji wangapi walikuwepo bila ya sahani na bila ya filamu? Wachezaji wa mwanzo, wale wa 1988, leo ni watu wazima, wengine wana wajukuu. Picha zao ziko chini ya magodoro, kwa wale ambao hawakuzichana walipoolewa. Kazi ya kuwafuata nyumba hadi nyumba na kuwauliza majina, nafasi walizocheza, nani alifunga goli siku ile ya Wasweden, haihitaji kamera ya Wales. Inahitaji daftari na nauli ya daladala. Nimeanza.

Na wa kwanza niliyemwendea hakucheza Women Fighters wala timu yoyote. Nilipanda gari ya 117 mpaka Kinyasini, alikoolewa dada yangu, nikiwa na filamu kwenye simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ya kuomba radhi. Nimeiandika, nimeifuta, nimeikariri njia nzima. Nilipofika alikuwa anakuna nazi, akaniambia, "Kaa hapo, mbona umekonda?" na hotuba ikapotea. Nikamwashia filamu. Alitazama mikono imejaa machicha, ananyoosha shingo, na mara moja tu akasema kitu: "Huyo alikuwa atoe mapema. Kulia kwake kulikuwa peupe."

Niliangalia tena. Kulia kulikuwa peupe kweli.

Binti yake, ana miaka minane, alikuwa ameegemea bega la mama yake, anatazama naye. Akauliza, "Mama, kwani na wewe ulikuwa unacheza?"

Dada hakuniangalia. Aliendelea kukuna nazi.

"Muulize mjomba wako," akasema.